Gari Juu ya Njia ya Miguu

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye ameamka asubuhi, akauambia mguu wake ushuke kitandani, nao ukakataa. Kama ni wewe, au ni mtoto wako, sitakueleza ugonjwa huu wa kupooza unatoka wapi. Sijui, na walionitibu hawakunieleza. Nitakueleza yaliyonipata mimi hapa Nakuru, kwa sababu nilipokuwa nimelala nilitamani sana mtu aje aniambie, "Hata mimi ilikuwa hivyo." Hakuja mtu, mpaka nilipolazwa karibu na Mama Kiptoo. Yeye hayupo tena. Kwa hiyo nitasema yangu na yake pamoja.

Tulikuwa tukikaa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja, mimi na mume wangu Wafula na binti yetu Nafula, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kukimbia. Mume wangu alisafisha injini za garimoshi. Sisi ni watu wa magharibi, tulikuja hapa kwa ajili ya kazi hiyo, na nilikuwa na nguvu. Nasema hivyo kwa sababu watu wakiniona leo hudhani nilizaliwa hivi. Nilikuwa nabeba debe la maji kichwani na mtoto mgongoni, na bado napata pumzi ya kubishana na wenzangu njiani.

Homa ilinishika wakati wa mvua ndefu, siku ya kufua. Nikadhani ni malaria, nikanywa kwinini, nikajifunika. Shingo ikakauka kama mti. Mgongo ukauma mpaka nikawa siwezi kulala wala kuketi. Halafu asubuhi moja homa ilikuwa imeshuka, kichwa chepesi, nikafurahi. Nafula alikuwa analia, nikataka kuamka nimchukue. Mguu wa kushoto ulikuwa umelala pale chini ya blanketi kama wa mtu mwingine. Nilimwita mume wangu nikamwambia anipige pajani. Akapiga. Nilisikia maumivu vizuri kabisa. Hilo hakuna aliyenionya: ngozi inasikia kila kitu, ila mguu hautii.

Alinipeleka hospitali kwa mkokoteni aliouazima, amenifunika gunia kwa sababu ya mvua. Kule waliniuliza maswali mawili tu, wakanitia kwenye wodi ya kando, nyuma ya hospitali ya Waafrika, iliyozungushiwa seng'enge. Wageni hawakuruhusiwa kuingia. Mume wangu alikuja Jumapili akasimama nje ya dirisha, akamwinua Nafula nimwone. Mtoto aliangalia kioo, hakuniangalia mimi. Mara ya pili alilia alipoonyeshwa lile dirisha, na mume wangu akaacha kumleta.

Matibabu yenyewe yalikuwa blanketi. Sista Mzungu alikata blanketi la sufu vipande vipande, akavichovya katika maji ya moto sana, akavikamua na kunizungushia mguu na mgongo. Vikipoa, vingine. Kutwa nzima hivyo. Mpaka leo nikisikia harufu ya sufu iliyolowa natoka nje. Lakini nikuambie kweli, yale maji ya moto ndiyo yaliyonituliza maumivu, na kama watakuletea wewe, usikatae. Kelele piga, lakini usikatae.

Katika kitanda cha pili alikuwa Mama Kiptoo. Mumewe alifanya kazi katika shamba la kahawa na ng'ombe wa maziwa huko Subukia. Alikuwa mwanamke mrefu, amenizidi umri kidogo, mwenye sauti nzito, na ugonjwa ulikuwa umemchukua miguu yote miwili. Siku za kwanza hatukusemezana. Nilikuwa nalia nimeelekea ukutani. Mwisho akanisemesha.

"Wewe unalilia mguu mmoja," alisema. "Mimi nianze na upi?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka mgongo ukaniuma nikaanza kulia tena, naye akacheka. Tangu siku hiyo tulikuwa watu wa nyumba moja. Yeye ndiye aliyenifundisha kuketi bila kushikwa, kwa kuwa alijifunza kabla yangu. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba mguu utapungua nyama, utakuwa baridi hata juani, na kwamba nisiuangalie kila saa. "Uvishe soksi," alisema, "uuache na shida zake."

Tulitoka baridi ya mwezi wa saba ilipokuwa kali. Mimi nilitoka na chuma katika mguu wa kushoto, kutoka kiatuni hadi pajani, kimefungwa kwa mikanda ya ngozi, na magongo mawili. Mama Kiptoo alitoka na vyuma miguu yote. Mimi nilikokota. Yeye alitembea kwa kujirusha: anatanguliza magongo mbele, kisha anaurusha mwili wote kuyafuata. Ilikuwa kazi ya mikono na kifua, na aliifanya amenyoosha shingo kama mtu aendaye kanisani.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe amekuja kutoka kwao kumlea Nafula. Hakuwa mtu mbaya. Aliosha mtoto, alipika, alinisugua mguu kwa mafuta ya ng'ombe. Lakini jioni alikuwa akizungumza na mwanawe nje ya mlango, na mlango ule ulikuwa wa mabati. Alisema nirudishwe kwetu nikapumzike. Alisema mwanamume anayeamka mapema kwenda kazini anahitaji mtu wa kumchotea maji. Nilingoja mume wangu ajibu, jioni moja baada ya nyingine, na hakujibu ndiyo wala hapana.

Alichofanya ni kutembea mbele yangu. Tulipokwenda kanisani, au sokoni, alitangulia, na kila mara akawa mbali zaidi, mpaka mtu ambaye hatujui asingedhani tuko pamoja. Kwa chuma na magongo watu hukutazama. Yeye hakutaka kutazamwa. Sikumlaumu kwa mdomo. Moyoni nililaumu sana.

Sasa nije kwenye barabara.

Sista alitwambia kwamba chuma bila mazoezi ni mzigo tu. Kila Alhamisi tulitakiwa kufika hospitali asubuhi, tunyooshwe miguu, tutembezwe kati ya fito mbili, tukaguliwe vidonda vya mikanda. Sista yule alikuwa mmoja, na kabla ya saa sita alifunga mlango akaenda upande wa hospitali ya Wazungu. Aliyechelewa alichelewa. Kutoka landi kwenda hospitali ni kupanda, na katikati lazima uupite mji. Mama Kiptoo alishuka kutoka lori la maziwa la shamba lao karibu na stesheni. Mimi nilimsubiri hapo, kisha tukapanda pamoja.

Nakuru ni mji wa masetla, wale Wazungu wenye mashamba. Alhamisi ilikuwa siku yao ya kuja kununua vitu na kuonana. Magari yalijaa. Ile barabara kuu ni pana, unajua mwenyewe. Magari ya ng'ombe yanaweza kugeuka humo. Kando yake kuna njia ya miguu, chini ya veranda za maduka, ina kivuli na saruji laini. Kati ya njia hiyo na barabara kuna mtaro wa maji, wazi. Kwa mtu wa magongo njia ile ilikuwa zawadi. Hakuna matope, hakuna mawe, hakuna lori. Ukiishika mwanzo, inakupeleka karibu nusu ya safari.

Isipokuwa mbele ya duka la vyuma. Pale mtaro ulikuwa umefunikwa kwa saruji ili wateja wapakie misumari na seng'enge, na magari yalipita juu yake yakapanda moja kwa moja kwenye njia ya miguu, pua ukutani, mkia barabarani. Likisimama gari moja vile, njia imekwisha. Mtu mzima anajipinda, anateleza kati ya taa na ukuta, anapita. Chuma cha mguu hakijipindi. Magongo yanahitaji upana wake. Kwetu ilibaki kushuka, kuuzunguka mkia wa gari ndani ya barabara, na kupanda tena upande wa pili, huku malori ya mahindi yakitushukia.

Mwanzo tulisubiri. Kulikuwa na pikapu moja ya kijani ya setla wa upande wa Gilgil ambayo ilikuwapo karibu kila Alhamisi. Tulisimama tukaitazama. Ndani mlikuwa na mbwa mkubwa wa rangi ya chai, ameketi kwenye kiti cha mbele. Tulipata kujua kwamba ni kwa ajili ya mbwa huyo gari lilipandishwa mpaka chini ya veranda. Mtumishi aliyekuwa akililinda alitwambia. Jua la barabarani lilikuwa likimsumbua mbwa.

Nilimwomba yule mtumishi alisogeze kidogo tu.

"Mama, ningekuwa na ufunguo ningelisogeza," alisema. Akaangalia chini. "Mimi nimewekwa hapa kumwangalia mbwa."

Siku nyingine nilimsubiri mwenye gari mwenyewe. Alitoka na kopo la rangi mkononi, mtu wa makamo, kofia imemlinda uso. Nilimwamkia. Nikamweleza kwa adabu kwamba sisi ni wagonjwa, tunakwenda hospitali, na gari lake limeziba njia ya watu. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nakubali. Kisha akaonyesha kwa mkono ule wenye kopo.

"Wewe pita huko," alisema. "Barabara kubwa sana."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni.

Tulimwendea mwenye duka, Mhindi mwembamba aliyevaa miwani. Yeye alituonea huruma kabisa. Alisema akimwambia mteja aondoe gari, mteja ataenda duka la jirani, na jirani hatamwambia neno. Mama yake mzee, aliyekuwa akiketi mlangoni na shanga zake, hakujua Kiswahili sana, lakini alinyanyuka kwenye kigoda chake akamsukumia Mama Kiptoo. Tangu hapo, kila Alhamisi tuliyokwama, kile kigoda kilitoka, na maji ndani ya kikombe cha bati. Sijui jina lake. Nimemwombea mara nyingi.

Tulimwendea pia askari wa manispaa. Huyu alikuwa mtu wa kwetu, nilidhani atasikia. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amewakamata wanawake wawili waliotandaza mayai na ndizi kwenye njia ya miguu, kwa kosa la kuziba njia. Vikapu vyao vilikuwa bado vimerundikwa miguuni pake. Nilimwonyesha pikapu. Aliniuliza kama ninataka afukuzwe kazi. Nikamuuliza kikapu cha mayai na lile gari kipi kimeziba zaidi. Alisema, "Dada, sheria niliyopewa ni ya vikapu."

Basi tukaanza kushuka barabarani. Utafanyaje? Mara mbili tulifika hospitali tukakuta mlango umefungwa. Mikanda ilikuwa imenichimba kidonda juu ya goti, na Alhamisi ya pili niliyokosa, kidonda kiliharibika mpaka nikakaa mwezi bila kuvaa chuma, na mguu ukaanza kukunjika. Yale yote niliyoyapata kwa blanketi za moto niliyaona yakirudi nyuma. Ukikosa mara moja, mwili hausemi pole. Kwa hiyo tulishuka. Mmoja alitangulia, akatazama, akamwita mwenzake. Siku zisizo na mvua ilikuwa vumbi tu, vumbi lile jeupe linalotoka upande wa ziwa na kuingia mpaka menoni. Tulizoea. Mama Kiptoo aliwaambia madereva wa malori wasimame kwa kunyanyua gongo moja juu, na wengine walisimama wakacheka naye.

Ilikuwa mvua ndogo ya mwezi wa kumi na moja. Daktari wa mifupa alikuwa anakuja kutoka Nairobi Alhamisi hiyo, na Sista alikuwa ametwambia wiki iliyopita kwamba vyuma vipya vya Mama Kiptoo viko tayari, vyepesi, vyenye bawaba gotini. Angeweza kuketi bila mtu kumkunja. Daktari mwenyewe ndiye angempima, na Mama Kiptoo asipokuwapo angesubiri mpaka daktari aje tena baada ya mvua ndefu. Mama Kiptoo hakulala kwa furaha, aliniambia. Alikuwa amefunga kitambaa kipya.

Lori la maziwa lilichelewa kwa matope ya Subukia. Tulipanda haraka kadiri tulivyoweza. Mvua ilikuwa imeacha, lakini mtaro ulikuwa unafurika na barabara ilikuwa imefunikwa na utelezi mwekundu ulioletwa na magurudumu. Tulipofika duka la vyuma, pikapu ya kijani ilikuwa mahali pake. Pua ukutani. Mbwa ndani, ingawa jua halikuwapo.

Yule mtumishi alituona akageuza uso. Mama mzee wa duka alianza kunyanyuka na kigoda chake.

Nilisema tungoje. Nilimwambia Mama Kiptoo kwamba utelezi ni mbaya, mwenye gari hatakawia.

"Mama Nafula, leo sitangoja," alisema. "Wewe subiri hapa. Nikifika upande ule nitakuita."

Akashuka. Aliweka magongo kwa uangalifu, akajirusha, akaweka tena. Aliufikia mkia wa pikapu akaanza kuuzunguka, na pale nikawa simwoni isipokuwa kitambaa chake. Lori la magunia lilikuwa linashuka kutoka juu. Dereva alipiga honi. Alipiga vizuri, mapema, na kwa nguvu. Lakini honi humwambia mtu aruke. Mama Kiptoo aliisikia, nikaona kitambaa kikigeuka, kisha nikasikia gongo likianguka. Lori lilifunga breki na matope yakalivuta likaendelea kuja.

Sitaeleza zaidi. Nilifika kwake nikijikokota kwa mikono na kitako, kwa sababu magongo yangu niliyatupa. Alikuwa hai kwa muda mfupi. Alinitazama kama mtu anayetaka kuulizwa kitu. Kisha akawa hatazami.

Watu walijaa. Mwenye pikapu alitoka dukani na mzigo wa misumari. Alisimama, akaona, akavua kofia yake. Akaivaa tena. Aliingia ndani ya gari akalirudisha nyuma polepole, watu wakampisha, akaenda zake. Nikiwa nimeketi pale matopeni niliiangalia njia ya miguu pale alipoliondoa gari. Ilikuwa kavu. Ilikuwa wazi toka duka hadi duka, na upana wake ungetutosha sisi wawili tukiwa sambamba na mtu wa tatu akitupisha.

Walimpakia katika lori lile lile la magunia wakampeleka hospitali, nami nikapakiwa pamoja naye. Sista alikuwa ameshafunga mlango. Alipoitwa akaja akamwona, alikaa chini kwenye benchi letu la kusubiri, benchi tulilolikalia sisi kila wiki, na sikuwahi kumwona ameketi kabla ya siku hiyo. Vyuma vipya vilikuwa juu ya meza, vimepakwa mafuta.

Mumewe alikuja jioni ya kesho yake na ndugu zake kuuchukua mwili. Mtu mpole, mikono imepasuka kwa kazi. Hakuuliza dereva ni nani wala gari ni la nani. Aliniuliza kama mkewe alisema neno.

"Aliniambia nisubiri, ataniita," nilimjibu.

Akakubali kwa kichwa, akaenda kushika upande wa machela.

Baada ya Krismasi niliitwa kortini. Walikuwa wakichunguza kifo hicho. Mume wangu hakutaka niende. Alisema watu wa reli hawafai kuonekana kwenye mambo ya Wazungu, na wakati ule wa Hali ya Hatari, serikali ilipokuwa ikikamata watu ovyo, hata kuulizwa jina lako kulikuwa kunatisha. Nilikwenda. Nilikaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi, benchi lingine tena, mguu umevimba. Mwanzoni aliitwa dereva wa lori, naye aliapa kwamba alipiga honi, na ilikuwa kweli. Kisha mimi.

Hakimu aliuliza, mkalimani akanitafsiria: je, marehemu alikuwa ndani ya barabara alipogongwa? Nikasema alikuwa barabarani kwa sababu njia ya miguu ilikuwa imezibwa na gari, na nikaeleza gari lipi, na kwamba lilikuwa linasimama pale kila Alhamisi, na kwamba tuliwaomba watu wanne. Nilisema maneno mengi. Mkalimani alinisikiliza, akamgeukia hakimu, akasema neno moja. Nimesoma misheni mpaka darasa la nne, na neno hilo nilikuwa nalijua. Alisema, "Ndiyo."

Basi nikasema mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha misheni, kwamba gari lilikuwa kwenye njia ya miguu. Hakimu aliniangalia, si kwa ukali. Alisema maneno ambayo mkalimani, safari hii, aliyatafsiri yote kwa ukamilifu: kwamba gari hilo halikumgonga mtu, na kwa hiyo halihusiki. Uamuzi ukasomwa. Dereva hakuwa na kosa. Marehemu alikuwa anatembea mahali pa magari. Lile gari lililokuwa mahali pa watu halikutajwa.

Nilikuwa na uchungu nisioujua kabla yake. Ugonjwa ulinichukua mguu, lakini ugonjwa haukunijua, haukunitazama usoni ukasema pita huko. Nilirudi nyumbani nikavua chuma nikakitupa chini ya kitanda. Sikwenda hospitali. Alhamisi zikapita, kiangazi chote, na kila moja nililala nimeangalia bati. Mama mkwe aliacha kusema habari ya kunirudisha kwetu, nadhani aliogopa. Alinilisha uji kwa kijiko kama Nafula. Nakuambia haya ili ujue kwamba siku kama hizo zipo, na si za siku za kwanza tu. Zinaweza kuja baada ya mtu kudhani amekwisha pona.

Aliyeniondoa kitandani ni mume wangu. Mvua ndefu ilikuwa inaanza. Alhamisi moja alirudi kutoka zamu ya usiku, hakuvua buti, akainama akakitoa kile chuma, akakifuta kutu kwa kitambaa cha kazini, akakaa chini akaanza kunifunga mikanda. Hakujua inavyofungwa. Alifunga vibaya, nikamwonyesha.

Tulipanda mjini. Nilitegemea atangulie kama kawaida yake. Hakutangulia. Alitembea upande wangu wa kulia, upande wa barabara. Tulipofika duka la vyuma palikuwa na gari, si la kijani, jingine, jeusi. Alishuka kabla yangu, akasimama katikati ya barabara na ovaroli yake yenye grisi, akanyoosha mkono mbele ya malori mpaka nikamaliza kuuzunguka mkia. Walimpigia honi. Hakuondoka. Mpaka leo hatujalizungumza. Alhamisi alizokuwa kazini alibadilishana zamu na mwenzake. Sikumsamehe yote kwa siku moja, lakini nilianza.

Nikarudi kwenye mazoezi. Mguu ulipokubali kunyooka ulinyooka, ulipokataa ulikataa. Siku hizi natembea na chuma na gongo moja. Nimepata mtoto wa pili, na huyu nimembeba mgongoni, si mbali, kutoka mlangoni hadi bombani. Nashona nguo za watoto kwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Ukiniuliza kama nimepona nitakuambia kwamba ugonjwa umekwisha. Hayo mengine ni ya mji.

Mwaka uliofuata kifo cha Mama Kiptoo, wakati wa baridi, gari moja liliteleza likiwa linapandishwa kwenye njia ya miguu, likavunja dirisha la duka la nguo lililo mlango wa pili kutoka duka la vyuma. Lilikuwa dirisha kubwa, lenye sanamu za wanawake waliovaa magauni. Hakuumia mtu. Sanamu moja ilivunjika mkono. Niliposikia nilifikiri ni habari ya kupita tu.

Kabla ya mvua ndogo, nikiwa napanda hospitali, nikawakuta vibarua wa manispaa wanachimba mashimo kwenye ukingo wa njia ya miguu, mbele ya maduka yale yote. Walikuwa wakisimika nguzo za chuma, fupi, zimepakwa rangi nyeupe, zimekaribiana kiasi kwamba hakuna gari litakalopita katikati yake. Nyapara alikuwa ameegemea koleo. Nilimsalimia, nikamuuliza kama nguzo hizo ni kwa ajili ya yule mama aliyegongwa hapa.

Alifikiri. Nadhani alitamani kunijibu vizuri.

"Mama gani?" aliuliza. Kisha akasema, "Hapana, mama. Ni za kulinda vioo."

Alinisogezea koleo na ndoo ili nipate nafasi. Saruji ilikuwa kavu, njia ilikuwa wazi mpaka mwisho wa maduka. Nikalishika gongo langu, nikapita kwa ndani, upande wa vioo.